Kamera Iliyoacha Kioo

Kamera mbili za kampuni moja ya Japani, Nikon D700 ya mwaka 2008 na Nikon Z6 ya mwaka 2018, zina bamba la kupokea mwanga lenye ukubwa karibu sawa: milimita 36 kwa 24. Tofauti kubwa kati yao ni kioo.

Katika D700, mwanga upitao kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Kioo huuakisi juu, kwenye mche unaoinyoosha taswira mbele ya jicho. Kitufe kibonyezwapo, kioo hunyanyuka ili mwanga ulifikie bamba. Basi wakati uleule wa kupiga picha, mpigaji haoni kitu. Kioo hicho huhitaji nafasi: toka pete ya kufungia lenzi hadi bamba ni milimita 46.5.

Z6 haina kioo. Mwanga huliangukia bamba moja kwa moja, na skrini ndogo ndani ya kitundu cha kuchungulia huionyesha picha. Umbali ule umepungua hadi milimita 16, na uzito bila betri umeshuka kutoka gramu 995 hadi 585.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama. Kioo huakisi bila umeme. Skrini haiwaki bila umeme. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya D700 hutosha picha 1,000 hivi. Ya Z6, picha 310. Shule isiyo na umeme wa uhakika na ipige hesabu hiyo kabla ya kukidharau kioo.