Fomu za Vyuo Vikuu vya Nje: Vijana Waandike Walichokitenda

Kila mwaka, baina ya mwezi wa Novemba na Januari, wapo vijana wa Unguja na Pemba wanaojaza fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Alama za mitihani wanazo, na vyeti wanavyo. Hata hivyo hufika pahala kalamu ikasita, nao ni ukurasa unaomuuliza mwombaji swali ambalo skuli zetu hazimuulizi: nje ya darasa, ulikuwa ukifanya nini, na kwa faida ya nani?

Si ajabu kijana wetu akikwama hapo. Nchini kwetu, anayeomba chuo kikuu hupimwa kwanza kwa ufaulu wake katika mtihani wa taifa. Kwa hivyo mtoto hukua akiamini kwamba yote yaliyo nje ya daftari la hesabu na sayansi ni mchezo au ni utumwa wa nyumbani. Wamarekani hutazama alama kama sisi, lakini vyuo vyao vingi huongeza swali la pili, la mtu mwenyewe. Fomu ya pamoja iitwayo Common Application, iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambayo sasa inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, humpa mwombaji nafasi 10 za kutaja shughuli zake. Kila shughuli huelezwa kwa herufi zisizozidi 150, nafasi tupu zikihesabiwa. Kisha huulizwa alikuwa na cheo gani, aliifanya miaka ipi, saa ngapi kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka.

Tulipata kukaa na msichana mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja aliyekuwa akijaza fomu hiyo. Katika nafasi 10 alikuwa amejaza moja tu: netiboli, ambayo aliicheza muhula mmoja. Tukamuuliza akitoka skuli hufanya nini. Akasema kwamba bamvua linapotoa maji hushuka na mama yake kufunga mwani. Tukamuuliza tena, akasema yeye ndiye anayeandika mauzo ya kikundi cha mama yake, kwa kuwa wengi wao hawakusoma. Jioni husomesha watoto wadogo katika chuo cha Kurani cha mtaani kwao. Tulipomuuliza kwa nini hayo hakuyaandika, alituangalia kwa mshangao, akajibu: "Hizo ni kazi za nyumbani tu, maalim."

Hapo ndipo penye kosa letu sote. Fomu ile ile iliyomtisha ina mafungu maalumu ya majukumu ya nyumbani, ya kazi za ujira, ya shughuli za dini na ya utafiti. Wanaosoma maombi hayo hawakutaka kilabu cha kupanda farasi. Walitaka kujua kama mtu huyu anaweza kuaminiwa kazi na kuitimiza. Msichana aliyetunza fedha za wanawake kumi na wawili kwa miaka miwili, bila ya shilingi kupotea, amekwisha kulijibu swali hilo. Kilichobaki ni kuliandika jibu lenyewe.

Wala fikra hii si ngeni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu elimu inayomtenga msomi na jasho la wazazi wake. Mwezi wa Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza, kisha alete ushahidi wa mwajiri na wa tawi la Chama juu ya mwenendo wake. Sharti hilo baadaye lililegezwa, na yako mengi ya kusemwa juu ya utekelezaji wake. Lakini swali lililoulizwa Musoma ni ndugu wa swali hili la leo: mbali na kufaulu mtihani, umewafaa nini wenzio?

Liko tatizo la pili, nalo ni la adabu. Tumelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba anayejitaja amejivunjia heshima. Adabu hiyo ni njema, na hatungependa vijana waitupe. Lakini tuliosoma vyuoni tunakikumbuka kisa cha Nabii Yusuf, aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi. Hakujisifu uzuri wala ukoo. Alitaja ulinzi wake na ujuzi wake, mambo mawili ambayo kazi ile iliyahitaji. Huko siko kujisifu, bali ni kutoa ushahidi. Shahidi haongezi wala hapunguzi.

Basi kijana aandike kama shahidi. Akiandika "Nilimsaidia mama na nilijifunza uvumilivu", msomaji hakuambiwa kitu, kwani kila mtu huweza kuyasema hayo. Na aandike hivi: "Nafunga na kuvuna mwani pamoja na mama, nimeandika mauzo ya wanawake 12 wa kikundi chetu kwa miaka 2, hesabu hizo hutumika kugawana fedha." Maneno hayo hayafiki herufi 150, na hata yakifasiriwa kwa Kiingereza hayana pambo la kupotea. Yana kitendo, idadi na matokeo. Shughuli aliyoitumikia zaidi itangulie, na zile alizozionja kwa wiki mbili aziache kabisa. Hakuna amri ya kujaza nafasi zote 10. Tano za kweli zina uzito kuliko kumi za kubahatisha. Na saa azihesabu kwa uaminifu, kwa kuwa anayedai saa 60 za shughuli kwa wiki, juu ya masomo, amekwisha kujikana mwenyewe.

Ama utafiti, hapo pana haja ya tahadhari zaidi. Visiwa vyetu ni maabara iliyo wazi. Mwani uliolimwa kibiashara Unguja tangu mwaka 1989 umekuwa ukisumbuliwa na maradhi katika maji yenye joto. Tunayo mikoko ya Ghuba ya Chwaka, kima punju wa Jozani na popo wa Pemba. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa hapa Unguja tangu mwaka 1978. Mwanafunzi mwenye kipimajoto, daftari na subira anaweza kupima joto la maji katika shamba la mwani kila bamvua, mwaka mzima, akalinganisha na mavuno. Huo ni utafiti.

Akiueleza, na ataje mambo manne: aliuliza nini, yeye mwenyewe alifanya nini kwa mikono yake, nani alimsimamia, na aliona nini. Akiwa alipima tu na mtaalamu ndiye aliyefanya hesabu, aseme hivyo. Akiwa hakupata jibu alilolitarajia, aseme pia, maana utafiti usio na jibu lililotarajiwa bado ni utafiti. Aandike "nilipima", asiandike "niligundua". Baadhi ya vyuo, kama MIT, vimekuwa vikipokea maelezo ya ziada ya kazi za utafiti za waombaji, na barua ya msimamizi ina thamani kubwa. Lakini ajihadhari na kampuni zinazotoza maelfu ya dola kumwandalia mwanafunzi "utafiti" na kumchapishia. Mtoto wa mvuvi hana fedha hizo, na wala hana haja nazo.

Tunasisitiza ukweli kwa sababu uwongo una historia katika jambo hili. Mwezi wa Machi 2019 Serikali ya Marekani iliwashitaki watu wapatao 50 katika kashfa ya nafasi za vyuo vikuu. Mshauri mmoja, William Singer, alikuwa akipokea fedha za matajiri, na miongoni mwa hila zake ni kuwafanya watoto wao waonekane wanamichezo mahodari, hata kwa picha za kubuni, katika michezo ambayo hawakuicheza. Mwezi wa Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Ikiwa matajiri wenye mawakili hawakusalimika, kijana wetu atajificha wapi? Kila mwombaji hutia sahihi kwamba aliyoyasema ni kweli, na chuo kina haki ya kumfukuza hata akiwa amekwisha kuanza masomo. Nyuma yake, wadogo zake wa skuli ile ile watatazamwa kwa jicho la shaka.

Na kinachopotea si kidogo. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mwombaji wa nchi za nje bila ya kutazama uwezo wake wa kulipa, na wakimkubali humsaidia kwa kadiri ya mahitaji yake. Mlango ni mwembamba mno, na wengi hukataliwa hata katika waliostahiki. Lakini mtoto wa mkulima wa mwani asikataliwe kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ni kazi.

Hapa tunawageukia viongozi. Fomu hizi hutaka pia taarifa ya skuli na barua za walimu. Mwalimu atashuhudia nini ikiwa skuli haina kumbukumbu yoyote ya vilabu, ya michezo, ya usafi wa mtaa wala ya maonyesho ya sayansi? Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali izihimize skuli zote za sekondari kuweka daftari moja la shughuli za nje ya darasa, linaloandikwa siku kwa siku na kutiwa sahihi na mwalimu aliyeshuhudia. Gharama yake ni daftari na wino. Aidha, tunawanasihi masheha na wakuu wa skuli wasigonge muhuri juu ya kazi ambayo hawakuiona, hata mwombaji akiwa ni mtoto wa ndugu au wa mkubwa. Muhuri wa uwongo humnyima haki yule aliyefanya kazi kweli akakosa wa kumwandikia.

Yule msichana aliondoka kwetu na nafasi nne zilizojazwa, zote za kweli. Majibu ya vyuo yako mikononi mwa wengine. Lakini alipokuwa akihesabu kwa vidole saa alizokaa majini na saa alizokaa na daftari la kikundi, tulimsikia akisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kuwa ni nyingi kiasi hicho. Sisi pia hatukujua, na ilitupasa tujue.