Udongo Uliokauka Haujapotea

Kila mwenye kufinyanga hubakiwa na mengi: vipande vilivyokatwa mdomoni mwa mtungi, tope lililosalia katika bakuli, chetezo kilichopasuka kivulini kabla ya kuonja moto. Katika nyumba ambamo watoto hufundishwa kazi hii, aghalabu hayo yote hutupwa jaani, kisha udongo mwingine hununuliwa. Wahenga wametuusia kuwa udongo uwahi ungali maji. Usia huo twauchukua kwa malezi, na ni wa kweli; lakini udongo wenyewe una subira kuliko methali. Ukikauka, hurudi. Kinachoufungia mlango ni moto.

Chembe za udongo mbichi zimeshikamana tu, hivyo maji huziachanisha. Joto likipita nyuzi 600 hivi za selsiasi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe huwa yametoka, na chombo hakiyeyuki tena hata kikilazwa kisimani mwaka mzima.

Basi mabaki mabichi yaachwe yakauke kabisa. Hapa wengi huharakisha, wakayaloweka yangali na unyevu. Bonge la namna hiyo hukaa majini siku kadhaa likiwa gumu vile vile. Lililokauka hunywa maji kwa pupa na kumeguka lenyewe. Yavunjwe nje ya nyumba, yakiwa yamefungwa ndani ya nguo, kwani vumbi lake lina silika inayodhuru mapafu; na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiwe. Kisha yatiwe majini hadi kesho yake, bila kukorogwa, na uji wake uchujwe.

Watu wa pwani wasiidharau kazi ya kuchuja. Chenga moja ya tumbawe ikipita, moto huigeuza chokaa, nayo baadaye hunyonya unyevu wa hewa, hufura, na kumega chungu kilichokwisha kusifiwa. Uji uliochujwa humwagwa juu ya nguo nene iliyotandikwa mchangani, hata ukandike bila kunata.

Na kilichochomwa kikavunjika? Mfinyanzi hulia gaeni, husema watu kwa kumcheka. Kumbe gae hilo ni akiba yake. Tangu kale wafinyanzi wengi wa Afrika huponda vigae na kuvichanganya na udongo mpya. Unga wa vigae hausinyai tena, kwa hiyo hupunguza nyufa na kuupa mvuke njia ya kutokea. Fungu moja kwa mafungu tisa ya udongo latosha kuanzia, nalo lichekechwe vyema, lisije likawakwaruza watoto vidole.