Sambusa za Friza na Kaimati za Papo kwa Papo: Yapi Kweli, Yapi Uzushi

Mwezi wa Idi haumwonei mpishi huruma. Ramadhani huwa ya siku 29 au 30, na mwenye nyumba hajui ni ipi mpaka magharibi ya siku ya 29 ipite na tangazo lisomwe redioni. Mwezi ukiandama, kesho asubuhi sinia linatakiwa mezani: sambusa, katlesi, kachori, visheti, vileja, kaimati, na watoto wa mtaa mzima wanapita kupokea mkono wa Idi. Usipoandama, kila ulichokwisha kukikaanga kinakaa siku nzima ya ziada, tena siku ya kufunga, ambayo hata wa kuonja hayupo.

Kwa hiyo kutanguliza kazi hakukuletwa na friza. Wapishi wa pwani, kutoka Unguja hadi Lamu, walikuwa wakifanya hivyo zamani, na kanuni zao nyingi bado zinarudiwa jikoni kama zilivyo. Baadhi ni za kweli kabisa. Nyingine zinaharibu sambusa bure, na mbili tatu zinaweza kumlaza mgeni hospitalini. Ninavyoona mimi, kosa kubwa si kupika mapema. Kosa ni kuvipika vyote mpaka mwisho kwa pamoja, ilhali kila kitafunwa kina hatua yake ya kuachiwa mpaka siku yenyewe.

"Sambusa zikaange kabisa, uzigandishe, kisha siku ya siku uzipashe moto."

Si kweli. Manda iliyokaangwa huwa kavu na yenye kuvunjika mdomoni kwa sababu maji yake yameisha kwenye mafuta. Ukiigandisha imeshaiva, unyevu wa nyama huhamia taratibu kwenye manda, na ukija kuipasha unapata kitu cha kutafunwa kama ngozi. Igandishe mbichi. Lakini ili igandike vizuri, kazi huanzia kwenye nyama: ipike kwa thomu, tangawizi na pilipili mpaka ikauke kabisa, sufuria iwe haina tone la maji, halafu ipoe. Ukifunga nyama ingali moto, mvuke wake hulegeza ile gundi ya unga wa ngano, na pembe hufunguka karaini. Kitunguu nacho kina lawama zake. Wengi hukitia kibichi mwishoni kwa ajili ya harufu na ule ukwaru, na kwa sambusa za kuliwa saa hiyohiyo hakuna ubaya. Kwa za friza, kitunguu kibichi hutoa maji baadaye, na manda hulowa kutoka ndani. Kikaange kidogo kipoteze maji kwanza.

Ukishafunga, zipange kwenye sinia zisigusane, ziingie friza. Zikishakuwa ngumu ndipo uzihamishie kwenye vyombo vyenye mfuniko. (Zamani zilijazwa kwenye rambo na kufungwa fundo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, na kwa sambusa sikuona hasara, maana zilikuwa zikitoka zimegandana bonge moja.) Siku ya kukaanga usiziyeyushe. Zitoe friza, zipukute barafu ya juu ili mafuta yasirukeruke, uzitie karaini chache chache kwa moto wa wastani. Ukizijaza zote kwa pamoja, mafuta hupoa na sambusa huchemka badala ya kukaangika.

Usizifanyie katlesi hivyo. Katlesi ni nene, na yai la nje hubadilika rangi upesi, hivyo ukiitia karaini imeganda utapata nje hudhurungi na katikati barafu. Zigandishe bila yai, uziyeyushie ndani ya friji usiku wa kuamkia sikukuu, na uzichovye kwenye yai karai likiwa tayari. Kachori nazo vivyo hivyo: madonge ya viazi yanaweza kusubiri kwenye friji tangu jana, lakini uji wa unga wa kuyachovya hukorogwa papo hapo.

"Manda za dukani ni za wavivu."

Hili si kweli wala uongo. Ni wivu. Anayejua kutengeneza manda anajua kazi yake: chapati kadhaa ndogo zinapakwa mafuta na kunyunyizwa unga katikati, zinabebeshwa, zinasukumwa kwa pamoja mpaka zinakuwa pana na nyembamba, zinababuliwa kidogo juu ya chuma, kisha zinabanduliwa moja moja zingali moto mpaka vidole vinalia. Zina ladha yake, sikatai. Ila mgeni wa asubuhi ya Idi anaonja nyama, ndimu na ukavu wa manda, haulizi nani aliisukuma. Mwenye nguvu moja tu aiweke kwenye nyama.

"Chakula cha moto hakitiwi kwenye friji, kitachacha."

Si kweli, na kati ya uzushi wote huu ndio wa hatari zaidi. Kinachochachisha chakula ni kukaa kwake vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaliana kwa raha zao, na jiko la Mombasa au Dar es Salaam katika miezi ya joto lenyewe linapita nyuzi 30. Kipimo cha wataalamu wa usalama wa chakula ni saa mbili nje ya friji, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja tu. Sasa fikiria sufuria ya nyama iliyoiva baada ya tarawehe ikaachwa mezani "ipoe" mpaka wakati wa daku. Imepita kipimo hicho mara mbili au tatu. Kuifunika kawa kunazuia nzi na paka, na kazi ya kawa inaishia hapo.

Lakini imani hii ina mzizi wake. Sufuria kubwa yenye moto ikiingia nzima, hupasha friji yote, na maziwa ya jirani yake ndiyo yanayoharibika. Tena nyama iliyo katikati ya sufuria hukaa vuguvugu kwa saa nyingi hata humo ndani. Dawa ni kuitandaza: imwage kwenye sinia pana, tabaka jembamba, chini ya feni. Baada ya nusu saa hivi imeshapoa vya kutosha kuingia friji, na mvuke uliotoka ni ule ambao ungelowesha manda. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini ya hapo, friza nyuzi 18 chini ya sifuri.

"Kiporo kikipashwa moto sawasawa, hakina neno."

Nusu kweli. Moto mkali huua bakteria walio hai, na kiporo kilicholala kwenye friji ukikipasha mpaka kitoe mvuke kote, kula kwa amani. Matatizo yako kwa kile kilicholala mezani. Kwenye wali huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi pilau linapopikwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni hata ukipasha mpaka ukoko ushike. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye vidonda vya ngozi, naye hutoa sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Huyu ndiye wa kumfikiria unapofinyanga katlesi mia kwa mikono: mwenye kidonda kidoleni apewe kazi nyingine, ya kuosha vikombe kwa mfano.

Wala usitegemee pua. Bakteria wanaofanya chakula kinuke mara nyingi si hao wanaowatia watu ugonjwa, na pilau lenye sumu linaweza kunukia iliki na mdalasini kama kawaida.

"Ndimu huua kila kitu kwenye nyama."

Si kweli. Ndimu hulainisha nyama kidogo juu juu, huikata shombo, na ukali wake huwapunguza kasi baadhi ya vijidudu. Kuwaua ni kazi ya moto. Nyama mbichi iliyokamuliwa ndimu nayo inangojea ndani ya friji.

"Kaimati hazikubali kusubiri."

Kweli. Kaimati nzuri ina ganda jembamba linalovunjika, na ndani yake kuna ulaini wa unga ulioumuka kwa hamira. Vitu hivyo viwili havipatani muda mrefu. Maji ya ndani hutoka kwenda kwenye ganda, shira ya juu nayo huvuta unyevu wa hewa ya pwani, na baada ya saa chache una mipira mizuri ya kulainisha meno ya bibi. Kuzipasha hakusaidii, maana shira huungua kabla ganda halijakauka. Hata Oman, wanakoziita lukaimati, huliwa zikitoka karaini.

Lakini kazi yake haihitaji kufanywa yote asubuhi. Unga waweza kuukoroga usiku na kuuweka kwenye friji, ambako hamira hupunguza mwendo, kisha ukautoa saa moja kabla ya kukaanga. Shira ipikwe hata siku mbili tatu nyuma, ila usisahau matone ya ndimu. Hapa ndimu ina kazi ya kweli: asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili nyingine, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga upya kuwa chembechembe. Shira hubaki nyororo na ya kung'aa. Unaipasha kidogo tu siku ya sikukuu.

Visheti vinataka kinyume chake. Shira ya visheti lazima irudi kuwa sukari, ikauke nyeupe juu yake unapovipindua kwenye sufuria, kwa hiyo ndimu humo ni kujitafutia visheti vya kunata. Nimeona mapishi yanayotumia shira moja kwa vyote viwili. Anayeyaandika hajapika kimoja kati ya hivyo.

Na hivi visheti, pamoja na vileja, ndivyo vya kupika mapema kweli. Karibu havina maji, samli yenyewe karibu haina maji, na kijidudu bila maji hakifanyi kitu. Wiki moja kabla ya Idi si mapema mno. Sharti ni vipoe kabisa kabla ya kuingia koponi, kwa kuwa joto kidogo tu likifungiwa humo hutoa jasho na kuvilegeza, na kopo liwe la kufunga kwelikweli. Kinachokuja kuvimaliza, ukiacha watoto, ni samli kuingia uvundo.

"Mafuta yakifuka moshi ndiyo yamekaa sawa."

Si kweli. Mafuta yanayofuka moshi yameanza kuharibika, na ladha hiyo ya kuungua huingia kwenye kila utakachokaanga baadaye. Nyuzi 170 hadi 180 zinatosha. Asiye na kipimajoto atupie kipande cha manda: kizame kidogo, kipande juu na mapovu yakikizunguka, kisigeuke rangi papo hapo.

Wanaosema mafuta yasiyopata moto hunywewa na sambusa wana haki yao. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia sambusa ikishatoka karaini. Ikianza kupoa, mvuke wa ndani hurudi kuwa maji, nafasi hubaki tupu, na mafuta yaliyobaki juu ya manda hufyonzwa ndani. Kwa hiyo zitikise kwenye chujio juu ya karai zingali moto, kisha zisimamishe kwenye waya zipate hewa pande zote. Kuzirundika juu ya gazeti kunazilaza kwenye mafuta yaleyale, na wino wa gazeti si kiungo. Gazeti ni la kusoma.

"Hotpoti itazitunza mpaka wageni wafike."

Pilau, ndiyo. Sambusa, hapana: mvuke hauna pa kutokea. Zikaange mara mbili au tatu kadiri wageni wanavyokuja, maana ziko tayari friza na karai liko jikoni.

"Mkate wa kumimina ukikaa kwenye friji hubaki laini."

Si kweli. Wanga wa mchele, kama wa ngano, hukakamaa upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Lakini mkate huu una tui la nazi, na mezani hauchelewi kuchacha. Upike siku yake, au ukishapoa ukate vipande uvigandishe, ambako kukakamaa husimama, kisha uvipashe kwa mvuke.

"Umeme ukikatika usiku kucha, vya friza vyote ni vya kutupa."

Si kweli, mradi mlango haukufunguliwa. Friza iliyojaa hushika baridi yake kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24, na friji ya kawaida kama saa 4. Wanaoila baridi hiyo ni wale wanaofungua kila nusu saa kuangalia kama vimeyeyuka. Ukikuta bado kuna barafu ndani ya nyama, inarudi friza bila wasiwasi. Sambusa zilizolegea ila zingali baridi kama za friji ni salama pia, ila manda zake zimeshalowa na hazitavumilia kugandishwa mara ya pili. Hizo zikaange siku hiyohiyo, jiko la mkaa halina habari na umeme, na uwapelekee majirani, ambao usiku huo nao walikuwa gizani.