Dawa ya Kichocho na Sumu ya Karanga Zilizoota Ukungu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo ikapewa jina la aflatoksini; siku hizi twaiita pia sumukuvu. Ikiwa nyingi, huua upesi: mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Ikiwa kidogo, lakini ikaliwa mwaka hadi mwaka, huleta saratani ya ini.

Katika maabara sumu hii ilizusha fumbo. Panya wakubwa wakilishwa aflatoksini hupata saratani ya ini kwa urahisi. Panya wadogo, walio jamaa zao wa karibu, huistahimili. Kwa nini?

Yafaa tufahamu kwanza kuwa aflatoksini yenyewe haidhuru chembe za urithi. Ini, katika jitihada ya kuitoa mwilini, huigeuza kuwa kitu kikali kiitwacho epoksaidi, na hicho ndicho kinachonasa katika DNA. Twaweza kusema ini hujitilia sumu kwa mkono wake. Lakini lina kinga pia. Kimeng'enya maalumu huiunganisha epoksaidi na molekuli ndogo iitwayo glutathioni, nayo ikiisha kuunganishwa haina madhara tena, hutoka kwa nyongo na mkojo. Panya mdogo huzaliwa na kimeng'enya hicho tele. Panya mkubwa ana kidogo mno, ila aweza kuchochewa akitengeneze.

Kichocheo kimoja kilipatikana pasipo kutafutwa. Ernest Bueding, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, alikuwa akichunguza oltiprazi, dawa iliyokusudiwa kutibu kichocho, akaona kuwa panya waliopewa dawa hiyo waliongezeka glutathioni mwilini. Katika miaka ya 1980 Thomas Kensler na wenzake wakaijaribu dhidi ya aflatoksini. Panya wakubwa walioanza kupewa oltiprazi kabla ya sumu walipata uvimbe wa ini kwa uchache sana kuliko wenzao. Mwanafunzi na alizingatie neno "kabla": dawa hii huizuia sumu njiani, wala haiponyi saratani iliyokwisha kuota.

Je, binadamu yu karibu na panya yupi? Kwa bahati mbaya vimeng'enya vyetu vya aina hiyo ni dhaifu mbele ya epoksaidi. Mwaka 1995 watu 234 wa Qidong, nchini Uchina, ambako saratani ya ini ni nyingi, walishiriki katika jaribio. Kwa waliomeza miligramu 125 za oltiprazi kila siku, aflatoksini iliyokwisha kufungwa iliongezeka katika mkojo mara 2.6. Lakini baadhi ya waliopewa dawa walipata ganzi na maumivu vidoleni, na dawa yenye taabu hiyo ni vigumu kumpa mtu asiye mgonjwa.

Njia nyingine haingoji ini. Klorofilini, inayotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani, huishika aflatoksini tumboni isipenye kuingia katika damu. Iliwakinga samaki wa maabara huko Oregon. Kisha watu 180 wa Qidong wakahusishwa, nusu yao wakimeza miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi 4. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa alama za DNA iliyodhuriwa zilipungua katika mkojo kwa asilimia 55. Kilichopimwa ni alama hizo, si saratani yenyewe, ambayo kwa binadamu huchukua miaka mingi kujitokeza.