Tuzla: Mji Uliodidimia kwa Chumvi Yake

Msafiri anayefika Tuzla, kaskazini-mashariki mwa Bosnia, huikuta chumvi hata katika jina la mji, kwani kwa Kituruki "tuz" ni chumvi. Enzi za Waosmani uliitwa pia Memlehatein, neno lenye asili ya Kiarabu, yaani machimbo mawili ya chumvi. Hapo kale wenyeji waliteka maji ya chumvi visimani, wakayachemsha hadi ikabaki chumvi tupu.

Neema hiyo ilikuja na gharama. Katika karne ya 20 maji hayo yalivutwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda. Mwamba wa chumvi ukayeyuka chini ya nyumba, na ardhi ikadidimia, mahali pengine zaidi ya mita 10. Majengo yalipasuka yakabomolewa, na familia nyingi zikahama.

Mwaka 2003 lilifunguliwa katikati ya mji ziwa la maji ya chumvi lililotengenezwa na watu, nalo hujaa familia wakati wa joto. Mzazi atakayewapeleka wanawe kuoga huko na awasimulie pia habari za nyumba zilizobomolewa, wapate kujua kwamba riziki ya ardhini huchotwa kwa kipimo.