Mwanafunzi Ugenini Hasomi Peke Yake

Kijana akipata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu cha ng'ambo, jamaa wote hufurahi. Majirani huja kumpa mkono, mama humfungia nguo zake, wazee humwusia maneno mema. Lakini wakiisha kumsindikiza, wengi hurudi nyumbani wakidhani kwamba kazi yao imekwisha, na kwamba yaliyobaki ni ya kijana na vitabu vyake. Je, ndivyo ilivyo? Tutazame habari za mtu mmoja anayejulikana pande zote mbili za Ziwa Tanganyika: marehemu Julius Nyerere.

Nani atamtunza mama?

Baada ya kusoma Makerere, katika Uganda, toka mwaka 1943 hata 1945, Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's, Tabora. Baba yake, Burito, mtemi wa Wazanaki, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942. Padri Richard Walsh, msimamizi wa shule ile, aliona akili ya mwalimu huyu kijana, akamhimiza aendelee na masomo. Januari 1948 Nyerere akashinda mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Akaomba msaada wa serikali ili alipiwe masomo katika Uingereza, akanyimwa. Hakukata tamaa, akaomba mara ya pili, na mwaka 1949 akakubaliwa.

Hapo ndipo moyo wake ulipogawanyika. Mshahara wake wa ualimu ulikuwa tegemeo la mama yake na ndugu zake. Akienda, nani atawatunza? Nyerere alisitasita, wala hakuficha sababu yake. Wasomaji wapenzi, angalieni vema jambo hili. Aliyesitasita si mvivu, wala si mwoga wa safari. Ni mwana mwenye kuujua wajibu wake. Fedha za serikali zilimlisha mwanafunzi, lakini wale aliowaacha walibaki moyoni mwake kila siku. Huo ndio mzigo wa pili ambao kila mwanafunzi wa kwetu huuchukua pamoja na vitabu, na mara nyingi ni mzito kuliko vitabu vyenyewe.

Katika Edinburgh

Aprili 1949 alisafiri, akafika Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Katika nchi ile yote, wanafunzi weusi waliotoka Afrika ya Mashariki walikuwa wawili tu mwaka ule. Alipata chumba katika nyumba ya wanafunzi wa makoloni. Kwanza alisoma kemia na fizikia kwa muda mfupi. Kisha, mwezi wa Oktoba, akaingia kujifunza elimu ya lugha, ya historia, ya uchumi na ya desturi za watu, na baadaye sheria za utawala wa nchi na elimu ya maadili.

Tusidhani kwamba aliwapita wenzake wote. Alama zake hazikuwa za ajabu, lakini alishinda kila somo. Walimu wake walimpokea kama walivyowapokea wengine, wakamwacha aseme na kubisha katika majadiliano ya darasa. Juu ya mwalimu wake wa historia, Richard Pares, alisema baadaye kwamba alikuwa mtu wa hekima, aliyemfundisha mengi juu ya tabia za Waingereza. Alipata marafiki kati ya wenyeji, na kati ya Wanijeria na watu wa visiwa vya Karibi. Wakati wa likizo alikwenda pamoja na wanafunzi wenzake kuvuna viazi katika shamba la Wales. Naam, mwana wa mtemi alishika viazi vyenye udongo, wala heshima yake haikupungua! Julai 1952 akapata shahada yake, na Oktoba akawa amerudi Dar es Salaam.

Basi, msaada aliopata haukuwa fedha tu. Alipata padri aliyemtia moyo, walimu waliomsikiliza, marafiki wa kucheka na kubishana nao. Mambo hayo hayaandikwi katika shahada, lakini bila hayo wengi wamerudi mikono mitupu.

Na sisi je?

Mwaka ule ule wa 1952, kijana wa Kongo, Thomas Kanza, alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Mwaka 1956 akapata shahada yake, akawa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada huko. Wakati ule njia ilikuwa nyembamba sana. Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wasio mapadri waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 50. Tangu hapo wana wetu wengi wamekwenda kusoma mbali, wavulana na wasichana, na mzigo wa pili ungali pale pale.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kabla kijana hajaondoka, fanyeni baraza la jamaa. Semeni waziwazi: nani atamtazama mama, nani atalipa karo ya wadogo, nani atamwuguza babu. Mkiisha kupatana, mwambieni kijana, apate kwenda na moyo mtulivu. Zamani barua ilichukua majuma mengi. Siku hizi simu humfikia mara moja, na shida za nyumbani humfikia mara moja vilevile. Msimpigie kila mara kumwomba fedha asizo nazo; mpigieni pia kumwuliza kama amekula, kama ana rafiki, kama amelala vizuri.

Nawe, kijana uliye mbali, usijifungie chumbani na huzuni yako. Mwulize mwalimu lile usilolifahamu; mtafute mwenzako wa kusoma naye; wala usione haya kusema kwamba umelemewa. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata shahada yenye jina la mtu mmoja imeshikwa na mikono ya watu wengi.