Kumisi, kukosa cheche, kukosa mwako

Kitenzi misi kimo vinywani mwa mafundi wa magari Tanzania na Kenya, nacho hutaja jambo moja mahususi: silinda moja au zaidi kupitisha zamu yake bila kuchoma mafuta. Dereva akisema “gari linamisi”, fundi huelewa mara moja kwamba injini haijazima wala haigongi. Inatetemeka, na mlio wake unakatikakatika kama mwendo wa mtu anayechechemea. Mfasiri wa Kiswahili sanifu husita kukitumia kitenzi hiki kwa kuwa hukiona cha mitaani. Badala yake huandika “kukosa cheche”, na hapo huwa ameharibu zaidi kuliko alivyotengeneza.

Nasema hivyo kwa kuwa nami niliitumia ibara hiyo kwa miaka kadhaa, hadi iliponitoa fedha. Gari langu ni Mercedes-Benz E 320 ya mwaka 2001, lililokuwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 290,000 lilipoanza kutetemeka kila nilipolisimamisha kwenye taa za barabarani. Nililipeleka gereji, na kwa fahari ya mtu anayefundisha lugha nikamwambia fundi kwamba injini “inakosa cheche”. Alinisadiki. Injini ya gari hilo ina silinda 6 na kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo alizibadilisha plagi zote 12, nami nikalipa. Siku ya tatu mtetemo ukarudi. Sikuwa na haki ya kumlaumu, maana ni mimi niliyemtajia ugonjwa kabla hajampima mgonjwa.

Ili petroli iwake ndani ya silinda, mambo matatu sharti yakutane. Pawe na mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano unaofaa, ambao kwa uzito ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Mchanganyiko huo ugandamizwe vya kutosha na pistoni. Kisha cheche iruke kwa wakati wake. Likikosekana lolote kati ya hayo, mwako haupatikani, na dereva aliye kwenye usukani husikia mtetemo uleule. Basi “kukosa cheche” ni jina la sababu mojawapo, ilhali “kukosa mwako” ni jina la tukio lenyewe. Tofauti hii wasomaji wetu wanaijua vizuri mahali pengine: ni ile iliyopo kati ya homa na malaria. Mtu anayeita kila homa malaria hunywa dawa ya malaria hata pale anapougua jambo jingine.

Inafurahisha kwamba kompyuta ya gari huzungumza kwa uangalifu kuliko nilivyozungumza mimi. Injini ya silinda 6 ikizunguka mara 700 kwa dakika hutarajiwa kuwaka mara 2,100 katika dakika hiyo, na kila mwako huisukuma shafti kuu kidogo. Sensa huupima mwendo wa shafti hiyo. Ikipungua kasi pale ambapo ilipaswa kusukumwa, kompyuta huandika msimbo. P0303 humaanisha kwamba silinda ya tatu imekosa mwako, P0305 ya tano, na P0300 kwamba ukosaji huo hauna silinda moja maalumu. Misimbo hiyo haitaji plagi, koili wala nozeli. Hutaja kilichotokea na mahali kilipotokea, basi. Mfasiri anayeandika kwamba P0303 ni “hitilafu ya plagi ya silinda ya tatu” ameongeza neno ambalo mashine haikulisema, na msomaji wake atakwenda dukani kununua kifaa kisichohitajika.

Namna fundi mzuri anavyoitafuta sababu ni somo la sarufi pia. Yule wa pili niliyemwendea hakuniuliza gari lina nini, aliniuliza “humisi lini?” Kiambishi hu- cha mazoea, kikifuatwa na -ki- ya masharti au -po- ya wakati, hubeba nusu ya uchunguzi. “Humisi linapopanda mlima” humwelekeza kwenye koili au plagi, kwa kuwa injini inapobeba mzigo mkubwa shinikizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji volteji kubwa zaidi ili iruke. Koili iliyochoka hujitahidi barabara ya tambarare, kisha hushindwa Kitonga. “Humisi likiwa limesimama, likikimbia hutulia” humpeleka kwingine: kwenye hewa inayopenya mahali isipopaswa kupenya. Injini inapozunguka polepole huvuta hewa kidogo, kwa hiyo ufa mdogo huuvuruga mchanganyiko. Injini ikivuta hewa nyingi, ufa huohuo hauna uzito. Na “humisi wakati wote”, hasa ikiwa silinda ni ileile hata baada ya kubadilisha vifaa, ni sababu ya kupima mgandamizo, maana huenda vali haifungi au ringi za pistoni zimelika. Dereva anayejibu tu “inamisi” amemnyima fundi habari zote hizo, ingawa lugha yake inazo.

Gari langu lilikuwa la kundi la pili. Mashine ilionyesha P0300, pamoja na P0171 na P0174, ambazo husema kwamba pande zote mbili za injini zinapata hewa nyingi kuliko petroli. Kwa kutaka uhakika, fundi aliihamisha koili ya silinda ya pili akaipeleka ya tano, akaendesha, akasoma tena. Koili mbovu huhama na msimbo wake. Hapa hakuna kilichohama. Ndipo akapuliza moshi kwenye njia ya hewa, nao ukafuka kutoka nyuma ya injini, kwenye mpira unaopitisha mvuke wa oili. Mpira huo ulikuwa umekauka kwa joto la miaka mingi hadi ukapasuka. Bei yake haikufikia hata ya plagi mbili kati ya zile 12.

Kuna jozi nyingine ambayo mfasiri asiichanganye, na hii ina gharama kubwa zaidi. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza “kuwaka” au “kumweka”. Ikiwaka bila kuzimazima, gari lipelekwe kupimwa mapema. Ikimweka, yaani ikiwaka na kuzimika mfululizo, petroli isiyochomwa inatoka kwa wingi na kwenda kuungulia ndani ya chombo cha kusafishia moshi, ambacho mafundi wengi wa Tanzania hukiita masega kwa kuwa vitundu vyake hufanana na sega la nyuki. Joto lake laweza kuyayeyusha masega hayo. Dereva apunguze mwendo na asiendelee na safari ndefu. Nimeona tafsiri iliyotumia “kuwaka” kwa hali zote mbili. Mwenye gari aliyeifuata hangejua kwamba ameonywa.

Tukirudi kwenye kitenzi misi chenyewe, sioni sababu ya kukitenga. Kimeingia katika kundi la vitenzi vya mkopo visivyoishia na -a, kama jibu na safiri, kwa hiyo irabu yake ya mwisho haibadiliki katika ukanushi: injini haimisi. Kanuni inaruhusu pia kauli ya kutendesha: plagi iliyolika humisisha injini. Vijana wanaoandikiana “nimekumisi” wanatumia mkopo wa neno lilelile kwa maana ya moyoni, lakini hapo pana yambwa ya mtu, na injini haimmisi mtu yeyote. Katika mazungumzo, hadithi na habari za magari, misi inatosha. Katika mwongozo wa matengenezo napendekeza “kukosa mwako”, na si “ukosefu wa mwako”, kwani nomino hiyo huashiria upungufu wa kudumu, hali injini inayokosa mwako huendelea kuwaka katika zamu nyingine nyingi. “Kukosa cheche” ibaki kwa pale ambapo fundi ameichomoa plagi, ameijaribu, na hajaona cheche.